Uzi wa Bolti ya Nne

Gari lilikuwa juu ya jeki, na fundi amechuchumaa mbele ya gurudumu la kushoto, akifungua bolti. Watu walimwita Taratibu, naye hakuwahi kuuliza kwa nini. Mwenye gari, muuguzi aliyetoka zamu bila kubadili sare, alikuwa amekalia kopo la rangi lililopinduliwa. Gari lilikuwa la baba yake. Mzee alimwachia macho yalipoanza kumwonyesha taa mbili penye taa moja. Usukani ulikuwa ukitetemeka tangu siku ya kwanza, lakini wiki hiyo gurudumu lenyewe lilianza kugonga, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu.

Bolti tatu za mwanzo zilitoka zikilia. Taratibu alizifuta kwa kitambaa, akamwonyesha meno yaliyolala na kusagika.

"Mtu alizitia upande, Sista. Zilipokataa, akazilazimisha kwa spana. Chuma kikaanza kula chuma."

"Baba alikuwa mtu wa haraka."

"Haraka haraka..." Taratibu alianza, kisha akaiacha methali hapo, kwa kuwa kila mtu anajua inakokwenda.

Bolti ya nne ilizunguka bure. Aliivuta kwa vidole tu, ikatoka kama jino la mtoto. Haikuwa na meno. Mahali pa meno palikuwa na uzi wa cherehani, wa kijani, umezungushwa mstari kwa mstari, safi, bila tone la grisi. Ncha yake ya pili ilikuwa imeingia ndani ya tundu, kwenye kitovu cha gurudumu.

"Ndiyo maana linagonga," alisema Taratibu. "Uzi wa nguo haushiki gurudumu. Umejitahidi, lakini haushiki."

"Utafanya nini?"

"Bolti zote mpya. Matundu matatu nitayasafisha meno, yatapona. Hili la nne nitalipanua, nilikate meno upya, nitie bushi ndani, kama pete ya chuma. Ila lazima uzi utoke kwanza. Siwezi kukata chuma juu ya uzi."

Akaweka bolti chini. Uzi ukajifungua wenyewe. Ncha ikashuka sakafuni, ikapita kati ya madumu ya oili, ikatoka getini na kushika njia, na nyuma yake uzi uliendelea kutoka tunduni bila kukatika. Taratibu alisogeza mguu ili upite.

"Ufuate, Sista. Mimi nabaki na tundu."

Muuguzi alichukua mkoba wake akaufuata. Ulipita mbele ya duka la dawa, ukapanda daraja la mfereji, ukakata barabara. Wapita njia waliuruka kama wanavyoruka dimbwi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mkaa aliuinua kwa kijiti ili usichafuke, akaurudisha chini upande wa pili wa gunia.

Uzi uliingia katika nyumba ya mwisho ya mtaa, yenye chumba kimoja na dirisha pana. Dirishani alikaa mwanamke mzee mbele ya cherehani. Ncha ilipanda mguu wa meza, ikapita penye vishikio vya cherehani, ikaingia katika tundu la sindano bila kukosea. Mwanamke akaanza kukanyaga.

"Karibu, mwanangu. Kaa kwenye kiti, siyo kwenye vitambaa."

Muuguzi alikaa. Paji la uso lile alikuwa akiliona kila siku kwenye kioo. Tena alikuwa akiliona nyumbani kwao, katika picha iliyotundikwa ukutani sebuleni.

"Wewe ni shangazi," alisema. "Wewe ni marehemu."

"Ndivyo ninavyosikia."

Alisimulia huku akishona, na mguu wake haukusimama. Akiwa msichana alikwenda mji mwingine kujifunza ushonaji. Baba yao alipofariki, nyumba iliachwa iwe ya watoto wote wawili, na kaka akaona kuwa nyumba haigawanyiki kirahisi kama mkate. Akatangaza kuwa dada ameugua ghafla huko aliko, akafa. Akaleta jeneza, likazikwa, watu wakalia. Mama yao alilia kuliko wote, kwa kuwa alikuwa bado mzima na akili zake timamu.

"Siku niliyorudi, kaka alinikuta njiani kabla sijafika nyumbani. Akanipakia kwenye gari hilo hilo ili anirudishe stendi. Tairi likapasuka. Alilibadilisha mbio mbio, akitazama huku na huku nisije nikaonekana. Nilikuwa nimepakata gauni la mama, nashona kola. Kigurudumu cha uzi kikaanguka, kikabingirika mpaka kwenye gurudumu, uzi ukaingia tundu la bolti. Nikamwambia, kaka, bolti hizo zimekaa upande, zitoe uanze upya."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Ikiingia imeingia.'"

"Kwa nini hukurudi tena?"

"Nilirudi. Mlangoni mama aliniona, akafunga macho, akaniombea nipumzike kwa amani. Ungefanya nini? Nilimwitikia amina, nikaondoka."

Mama huyo alikufa mwaka uliofuata. Gauni lilibaki bila kola, kwa sababu rangi ile ya uzi haikupatikana tena madukani. Sasa shangazi alimaliza mshono wa mwisho wa kola na kukata uzi kwa meno. Simu ya muuguzi ikalia.

"Umeisha, Sista," alisema Taratibu. "Tundu ni jeupe. Naanza kukata."

Alasiri walilichukua gari. Taratibu alikuwa amezitia bolti mpya kwa vidole kwanza, kila moja mpaka ikaingia yenyewe, ndipo akashika spana na kukaza kwa kukingamisha, hii kisha ile ya mkabala. Alimsalimia shangazi kwa heshima, akamfungulia mlango. Njiani gari halikutetemeka.

Baba alikuwa sebuleni. Aliinua uso, akasogeza miwani.

"Mmekuja wawili, au ni macho yangu?"

"Tuko wawili, baba. Nimekuja na shangazi."

"Karibu, marehemu," alisema mzee, akamwonyesha kiti cha wageni, kilicho chini ya picha yake.

Chai ililetwa. Jirani aliyepita kuomba kamba alimsifu shangazi kwa kufanana na picha, akaondoka na kamba. Shangazi alilitandika gauni mapajani mwa kaka yake. Mzee alilipapasa, mabega, kiuno, pindo, akafika kwenye kola. Aliipima kwa vidole, ncha hadi ncha.

"Ni kipimo chake," alisema.

"Ni kipimo chake, kaka. Sasa mwambie mwanao, na majirani wasikie, kwamba mimi sikufa."

Mzee alilikunja gauni vizuri, pindo juu ya pindo, akamkabidhi.

"Dada yangu, ulishazikwa. Mtu akishazikwa, kumfukua ni kusumbua watu."

"Baba!" alisema muuguzi.

"Kunywa chai, inapoa."

Muuguzi hakuinywa. Alimweleza jirani wa kamba, akawaeleza wa ng'ambo, akaenda mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Wote walimsikiliza vizuri. Hakuna aliyebisha kwamba shangazi alikuwa hai, walimwona kwa macho yao. Walisema tu kuwa mazishi yalikuwa mazuri, na wengi wao walichangia.

Tangu hapo shangazi huja kila Jumapili. Muuguzi humfuata kwa gari, na jioni humrudisha kwenye chumba chake kimoja. Hukaa kiti cha wageni. Kaka yake humwuliza habari za huko aliko, naye hujibu kwamba kuna joto kidogo.

Kabla ya kurudi hupita makaburini. Hutundika gauni kwenye uzio lipunge upepo, akashika jembe, akapalilia kaburi la mama yake. Jumapili moja muuguzi alimwuliza ndani ya kaburi la pembeni, lenye jina la shangazi, kuna nini.

"Nguo zangu za shule," alisema shangazi. "Na godoro, ili lipate uzito."

Kisha, kwa kuwa jembe lilikuwa bado mkononi na majani yalikuwa yamefika magotini, alilipalilia na lake.