Kila Mutu Iko Ndani ya K

Falonne alikuwa binti wa kompyuta, na alijivuna kidogo, tusimfiche. Kule Butembo alikuwa ametengeneza Kitunga, yaani kikapu, programu ya kuwekea maandishi ndani ya simu: unaandika jambo lako, unalitupa humo, siku ukilihitaji unalitafuta. Mteja wake wa kwanza alikuwa Mama Katungu, fundi wa nguo wa Beni, aliyeweka humo vipimo vya wateja wake wote.

Asubuhi moja Mama Katungu akapiga simu, amewaka moto.

"Falonne, Kitunga yako inanichokesha! Nabonyeza K, batu wote wanatoka: Kakule, Kavugho, Kavuo, Kahindo, Kitsa! Nabonyeza Z, hakuna hata kuku!"

Falonne akajishika kichwa. Kweli! Yeye mwenyewe Kavugho Falonne, mtoto wa Kinande, amewapanga watu kwa herufi ya kwanza, kama vile hajui kwamba kwetu majina hufuata mfuatano wa kuzaliwa, na kila nyumba ina Kakule wake na Kavuo wake. Chumba cha K kimejaa hadi mlangoni, vingine vimeachiwa buibui. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

"Na unatafuta nani, Mama?"

"Si ni mama mukwe wako!"

Hapo Falonne akashtuka. Jumamosi angeolewa na Éphraïm, na mama yake Éphraïm, mwenye shamba la kakao kule Oicha, alikuwa akimsalimia kwa ncha ya ulimi tu. Falonne alitamani jambo moja: mama yule amkubali kabla hajaingia ukoo wake. Kwa hiyo alimnunulia kikwembe kizuri cha kitenge na kukipeleka kwa Mama Katungu kishonwe kwa siri, maana mama yule aliwahi kupimwa pale. Kumuuliza vipimo kungekuwa kuifungua zawadi mbele yake. Na Éphraïm, jamani, siri kwake ni maji ndani ya kitunga.

Falonne akapanda pikipiki mpaka Beni, kompyuta mgongoni. Alimkuta Mama Katungu amekaa mbele ya cherehani, kikwembe bado kimekunjwa.

"Mama mukwe wako ni Kavuo," fundi akasema. "Mais, lakini Kavuo gani? Wako wengi kuliko maharagwe!"

Falonne akaichungulia programu yake, akaona aibu yake yote. Utafutaji ulikuwa unasoma kichwa cha andiko tu, na Mama Katungu kichwani aliandika jina tupu. Mambo yenyewe yalikaa chini: mama wa nani, wa wapi, "mugongo mupana", "hapendi kubanwa", "anachekaka na mukono kwa kinywa". Tena ukitafuta "mgongo", Kitunga kilijibu hakuna, kwa sababu Falonne alikifundisha Kiswahili cha shule peke yake.

"Kumbe nilikutengenezea nyumba isiyo na mlango," akasema.

"Donc, basi weka mulango, mutoto wangu. Mimi nina mukasi mukononi."

Akaketi, akafanya kazi mpaka ugali ukapoa. Sasa Kitunga kiliingia ndani ya kila andiko, na mgongo na mugongo vikawa ndugu. Akaandika: Mama Éphraïm.

Hakuna.

Akarudia. Hakuna! Machozi yakamlenga. Ijumaa, mkesha wa harusi, angesimama mbele ya mama yule mikono mitupu, na salamu ingebaki ileile ya ncha ya ulimi.

Mama Katungu akamtazama juu ya miwani. "Weye, Éphraïm ni mutoto wa kwanza?"

"Hapana. Wa kwanza ni dada yake Masika, aliyeolewa Mutwanga."

"Sasa unatafuta nini? Mama anaitwaka na jina ya mutoto wa kwanza! Weye unaona Éphraïm tu, kila mahali Éphraïm!"

Falonne akacheka hadi akajifuta macho. Akaandika Mama Masika, likatoka kundi zima, maana kila nyumba ina Masika wake. Akaongeza Oicha. Likabaki andiko moja, na vipimo vyote ndani yake.

Ijumaa wageni wa upande wa Éphraïm wakafika Butembo, na Mama Katungu akaleta libaya, ile blauzi aliyoishona kwa kikwembe kile, ili alione likivaliwa. Falonne akapiga goti, akatoa zawadi kwa mikono miwili.

"Pokea, Mama Masika."

Mama yule akaganda. "Nani amekufundisha jina hiyo?"

Falonne akaogopa. "Samahani, Mama…"

"Hapana, rudia." Akamsogelea. "Tangu Éphraïm apate kazi, batu wote wananiita Mama Éphraïm. Mais Masika ndiye alinifanya mama. Miaka mingi hapana mutu ananiita hivyo."

Akalivaa libaya palepale. Mgongo ukakaa, kifua hakikubanwa. Akacheka, mkono kinywani, halafu akamvuta Falonne kifuani na wote wawili wakalia kwa furaha.

"Na weye," akamuuliza, "tutakuita Mama nani?"

"Asiwe wa K!" Mama Katungu akaruka. "Tafazali! Kule kumejaa!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mama mkwe hakuuachia mkono wa Falonne.

"Usiogope. Musichana wa kwanza ni Masika," akasema. "Huyo hapana kupotea."