Mchuzi Usiopimwa kwa Kijiko

Jumatatu ilikuwa tambi na samaki wa kopo. Jumanne yakawa mayai na viazi, vyote vimegandana ndani ya kikaango kama keki. Jumatano ukaja wali wa sufuria moja, umechanganywa na njegere, karoti na kuku wa kuchambuliwa. Nyumba nzima ilibaki kushangaa. Mama wa nyumba hiyo, mpiga pasi kwenye duka la dobi, miaka yote ya ndoa yake alijulikana kwa mchuzi mmoja tu wa nyama na viazi, na hakuna aliyewahi kumlalamikia. Sasa kila akitoka kazini aliegemeza simu kwenye kopo la majani ya chai, akamwasha mwalimu wa mapishi, mwanamke mmoja mchangamfu mwenye aproni ya maua, akafanya anachoambiwa.

"Chakula cha jioni, rahisi na haraka, ndani ya nusu saa tu!" mwanamke yule alisema kila siku kwa furaha ileile, utadhani hajawahi kuunguza hata kitunguu.

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa utani tangu kuzaliwa, na hakuchelewa kumpachika mwanamke yule jina. Alimwita Shoga.

"Leo Shoga anatulisha nini?" aliuliza mlangoni, akivua viatu vilivyolowa. "Mwambie mimi nashinda nabeba mabomba. Yale majani mabichi ya jana, eti saladi, awape mbuzi."

"Mbuzi hasemi sana kama wewe," mkewe alimjibu. "Nawa mikono uje ule."

Mtoto wao mdogo, ambaye walimwita Mchwa kwa sababu hakuwa akibakiza kitu, hakuona tatizo lolote. Tambi alikula, majani alikula, na sahani akailamba. Dada yake, binti mkubwa wa nyumba hiyo, alikuwa kidato cha mwisho na mtihani ulikuwa umemkalia kooni. Huyo alikula kimya, kitabu pajani, na mara nyingi macho yake hayakuwa kwenye kitabu bali kwa mama yake.

Sasa heri niseme mapema, maana siwapendi wasimulizi wanaokukalisha kwenye kigoda saa nzima ndipo wakuambie kilichomleta mtu. Mama huyu alikuwa haonji kitu. Si kwamba hataki. Ulimi ulikuwa umekufa. Alipokula chumvi, sukari au pilipili, vyote vilikuwa kitu kimoja mdomoni, kama mtu anayelamba sarafu. Vilikuwa vidonge vilivyomfanya hivyo, na vidonge hivyo alivificha kazini, ndani ya mfuko wa aproni iliyotundikwa nyuma ya mashine ya mvuke.

Ugonjwa ulikuwa umerudi. Uvimbe ule ule, ila safari hii umehamia mahali ambapo daktari hakutaka hata kutaja sana. Alisema tu kwamba dawa zitaupunguza mwendo. Mama alimuuliza kama zitauondoa. Daktari akazungusha kalamu mezani na kurudia kwamba zitaupunguza mwendo. Mama akamshukuru, akarudi kazini, akanyoosha mashati ya watu mpaka jioni, kola kwanza, halafu mikono, halafu mgongo.

Hakumwambia mtu. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ikimkalia mezani kila jioni na kitabu pajani.

Mara ya kwanza alipougua, alijaribu vilevile kuficha. Alianza dawa kimyakimya akidhani atazimaliza kabla hawajajua. Kilichomsaliti ni mchuzi. Mchuzi wake hakuwahi kuupimia chumvi kwa kijiko. Aliutia kwa vidole, akadondoshea tone kiganjani, akalilamba na kupiga ulimi, tsk, kisha akaongeza au akaacha. Ulimi ulipokufa, mchuzi ukawa chumvi tupu. Baba yao aliula, akanywa maji, akatania kwamba leo bahari imehamia kwao. Lakini binti aliweka kijiko chini, akamtazama mama yake usoni na kusema, "Mama, wewe unaumwa." Kesho yake yote yakatoka.

Na baada ya hapo binti aliacha shule. Hakuna aliyemtuma. Aliacha tu, akamwogesha mama yake, akamlisha uji, akamfulia mashuka, akambeba mdogo wake, na wenzake wakavuka darasa wakamwacha nyuma mwaka mzima. Mama alipopona alimwona binti yake akirudi kukaa dawati moja na watoto aliokuwa akiwaamulia ugomvi. Binti hakulalamika. Mama ndiye alilia, peke yake, chooni, bomba likiwa wazi ili asisikike.

Kwa hiyo safari hii alikata shauri: mtihani kwanza, mengine baadaye. Ilikuwa imebaki kama miezi miwili. Ajikaze kisabuni miezi miwili tu. Na kwa kuwa alijua ni wapi alipokamatwa mara ya kwanza, aliuondoa mchuzi mezani, akamleta Shoga. Chakula ambacho hakijawahi kuliwa ndani ya nyumba, nani atasema kimeharibika? Shoga akisema chumvi kijiko kimoja cha chai, mama anajaza kijiko, anakisawazisha kwa mgongo wa kisu, anamwaga. Kikitoka kibaya, lawama ni za Shoga. Alijiona mjanja, na kwa wiki kadhaa ujanja ulimlipa. Ila usiku akilala alijua kwamba anawalisha watoto wake mkono wa mtu mwingine, na siku zenyewe si nyingi, na hilo lilimuuma kuliko uvimbe.

Basi ikafika Alhamisi moja. Shoga alikuwa amepanga nyama kwa sosi ya machungwa. Mama alipofika nyumbani alimkuta binti yake jikoni, amevaa kanga ya mama, nyama imekwisha katwa juu ya kibao, viazi vimemenywa na kuwekwa ndani ya maji, na sosi inachemka kwenye kisufuria kidogo. Mchwa alikuwa nje anacheza mpira. Baba alikuwa bado hajatoka kazini.

"Wewe na mtihani wako, nani kakuita jikoni?" mama aliuliza, akiegemeza simu kwenye kopo na kumwasha Shoga kwa mazoea.

"Nimechoka kusoma. Kaa, Mama. Leo mimi nitakuwa Shoga." Binti alichota sosi kidogo kwenye kibakuli, akakoroga, akamletea pamoja na kijiko. "Onja. Naona kama bado."

Mama alichukua kijiko. Angeweza kusema ana kiungulia. Angeweza kusema ni moto. Lakini alikuwa amechoka siku ile, na binti alikuwa amesimama vile, mwiko mkononi, kama alivyosimama yeye mwenyewe siku zote, mpaka moyo ukamlainika. Akadondoshea tone kiganjani, akalilamba, akapiga ulimi, tsk.

"Mmh! Imekaa sawasawa. Usiongeze kitu."

Binti alikitazama kiganja kile. Aliuweka mwiko juu ya kibao, taratibu, akazima jiko.

"Humo kwenye kibakuli nimetia kijiko kizima cha chumvi, Mama. Kijiko cha kulia."

Mama alikitazama kibakuli. Akaweka kijiko chini.

"Tangu lini unapima chumvi?" binti aliendelea, na sauti ikaanza kukatika. "Unaisawazisha kwa kisu, Mama! Wewe! Hata chai ulikuwa unaonja kiganjani. Nilipoona kile kisu nikajua. Nimejua wiki ya pili tu, nikawa najiambia labda nimekosea, labda ni mapishi tu, labda Shoga ndiye anataka hivyo."

"Mwanangu."

"Wanasemaje hospitali?"

"Wamenipa dawa. Wanasema zitaupunguza mwendo."

"Na kuuondoa?"

Mama akavuta kigoda akakaa. Mikono yake, ambayo kutwa nzima haikujua kutulia, aliilaza mapajani. "Kuuondoa hawakusema," alijibu.

Binti alilia basi, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akipangusa uso kwa ncha ya kanga ambayo hata haikuwa yake. Mama alimwacha alie. Alipotulia kidogo mama akamweleza yote: vidonge, aproni, mashine ya mvuke, na lile dawati ambalo hakutaka kumwona tena amekalia mwaka wa ziada.

"Nilitaka umalize mtihani ndipo nikuambie."

"Ningeufanya tu."

"Mara ile ulisema hivyohivyo."

Ilikuwa kweli, na binti alijua. Alisema vile Ijumaa, na Jumatatu hakuvaa sare.

"Kwa hiyo ukatulisha chakula cha mtu wa kwenye simu," alisema mwishowe. "Wiki zote hizi. Mimi nakaa pale nakula tambi, nawaza, kama ni kweli anaumwa, basi siku zinakwenda na mimi sijala chakula cha mama yangu. Hujaniuliza, Mama. Mimi nilikuwa nakitaka chako."

Hapo mama akaona kosa lake lilipolala. Alidhani anamwachia mtoto wake wakati, kumbe ndio aliokuwa akimnyang'anya. Hakusema samahani, katika nyumba ile neno hilo lilisemwa kwa vitendo. Aliinuka, akaizima simu, Shoga akanyamaza katikati ya tabasamu.

"Nyama ipo na viazi vipo," alisema. "Tutaupika sasa hivi. Ila kwanza niahidi. Siku ya mtihani unavaa sare unakwenda, hata nikiwa nimelala kitandani."

"Naahidi."

"Nitazame usoni."

"Naahidi, Mama. Na wewe kila jioni unanifundisha. Kila jioni, hata ukiwa umelala kitandani."

Wakakubaliana. Mama akatoa sufuria kubwa kwenye rafu ya chini, ile iliyobonyea ubavuni, akasimama pembeni na kumwacha binti mbele ya moto. Kuonja hakuweza, basi akamfundisha kwa macho na masikio. Vitunguu usivitoe vikiwa vyeupe, subiri viwe rangi ya chai ya maziwa. Nyama iache inywe maji yake yenyewe kwanza. Sikiliza, maji yakiisha sauti inabadilika, inakuwa kama mvua kwenye bati. Hapo ndipo utie nyanya. Nyanya ikikuachia mafuta pembeni, tia viazi. Viazi vikate vikubwa, baba yako hapendi kuvitafuta.

Chumvi aliiachia mikono ya binti. Binti alitia kwa vidole, akadondoshea tone kiganjani, akalamba. Akaongeza kidogo, akalamba tena. Akakunja uso.

"Bado kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Chumvi ipo. Ila si wako."

Mama hakuweza kumsaidia. Chakula alichopika maisha yake yote kilikuwa kinachemka mbele yake na alikitazama kama mgeni. Alifumba macho, akajiona jikoni siku yoyote ile ya zamani, akaufuata mkono wake unakokwenda: unazima moto, unafunika, halafu unarudi dirishani.

"Limao," alisema. "Lile pale dirishani, ukishazima moto. Nusu tu, kamua halafu ufunike usikoroge. Mungu wangu, sijawahi kumwambia mtu. Hata mimi sikujua kama nafanya."

Binti akakamua, akafunika, wakasubiri. Alipofunua na kulamba kiganja chake, hakukunja uso tena. Alibaki ameshika mfuniko, machozi yanamlengalenga, na mama akajua bila kuuliza kwamba ndio wenyewe.

Fundi bomba alirudi jua likizama, Mchwa akimvuta mkono. "Leo Shoga ametu..." alianza, kisha harufu ikampiga na akasimama. Aliketi haraka kuliko kawaida yake. Mchwa hakungoja mtu, alichovya tonge la ugali, akatia mdomoni, akapiga kelele na mdomo umejaa.

"Huu ni wa mama! Baba, onja, huu ni wa mama! Leo kapika mama mwenyewe!"

"Kula taratibu, mwanangu," mama alisema. "Ndiyo. Ni wangu."

Baba alikula tonge la kwanza akicheka. La pili alilishika mkononi. Alikuwa amemwona binti yake, macho mekundu, amejifunga kanga ya mama yake, kiganja kina rangi ya nyanya. Akamgeukia mkewe, ambaye viganja vyake vilikuwa vikavu na visafi, na aliyekuwa akitafuna kiazi polepole bila kukisikia, kama mtu anayetafuna karatasi. Aliijua namna ile ya kutafuna. Aliwahi kuiona mwaka mzima.

Mkewe akaitikia kwa kichwa, kidogo tu, ili Mchwa asione.

Fundi bomba hakutania. Alirudisha tonge kwenye sahani, akainuka, akasema anakwenda kunawa, ingawa alikuwa amekwisha nawa. Walimsikia kule ndani akifungua bomba. Mtu huyu alikuwa akigombeza nyumba nzima kwa tone moja linalovuja, na maji sasa yalitiririka, yakatiririka, Mchwa akaongezwa mchuzi na kuumaliza, akauliza kwani baba amelala huko. Dada yake alimwambia ale. Maji yaliendelea kutiririka, na hakuna aliyekwenda kuyafunga.