Kwangu Kuna Taa

Msako wa dhahabu ulipopamba moto Kemambo, watu walichimba mpaka wakakosa adabu. Walichimba shambani, walichimba nyuma ya choo, na marehemu mume wa Wegesa, Mungu amrehemu yeye na ubishi wake, alichimba bustanini kwake mwenyewe, pande zote mbili za njia itokayo getini kwenda mlangoni. Hakupata hata punje. Homa ikamchukua, akamwachia mkewe mashimo wazi, ambayo wachimbaji huyaita maduara, na mtoto mmoja, Werema, aliyerithi ugonjwa uleule wa dhahabu.

Werema hakuwa na subira ya kuchimba. Yeye na wenzake walivizia giza wakaingia kwenye vifusi vya mgodi mmoja kuokota mawe yenye dhahabu. Polisi walipokuja kumtafuta nyumbani, Wegesa mwenyewe ndiye aliyemtumia ujumbe: usikanyage hapa. Kijana akahamia machimboni ng'ambo ya mto, simu ikawa haipatikani. Kila jioni mama alipika ugali wa mtu mmoja, na kila jioni mkono ulikosea ukazidisha unga.

Miezi ikapita. Mwenyekiti wa kijiji akaja kumwambia kwamba kesi imefutwa, kijana arudi tu, na habari ilishavuka mto. Wegesa alilia kwa furaha, kisha hofu nyingine ikamwingia. Werema alikuwa mtu wa kurudi giza likiwa limeshaingia, na mvua zilikuwa zimemega kingo za maduara mpaka njia ikabaki nyembamba. Kuyafukia peke yake hakuweza, mgongo ulikataa. Akafunga safari mpaka Sirari, kwenye duka la Olima, kijana wa Isebania, upande wa Kenya, anayeuza vitu vya sola.

“Mathe, hizi taa unachomeka tu chini,” Olima alimwambia. “Jua ndiyo inazichaji. Mtu akipita zinajiwasha, akienda zinajizima. Hakuna mambo ya stima.”

Wegesa alizichomeka kwa mikono yake kandokando ya njia. Jioni ya kwanza mbuzi wa jirani walipita wakimulikwa kama waheshimiwa. Magige, mwenye mbuzi hao, alikuwa anatoka kwenye pombe; taa ilipomwakia usoni alisimama wima akaiamkia, “Shikamoo!” Wegesa alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa amesahau kwamba anajua kucheka.

Siku ya mnada akamwona Heche, rafiki wa Werema kule machimboni, chanda na pete, ameshapanda bodaboda na dereva anapiga honi. Akamkimbilia akamshika mkono.

“Heche, mwambie Werema kwangu sasa kuna taa! Kuanzia getini mpaka mlangoni. Mwambie leo hiihii!”

Heche alimkodolea macho. “Mpaka mlangoni, mama?”

“Mpaka mlangoni!”

Pikipiki ikaondoka. Wegesa alirudi nyumbani akafua shuka za kitanda cha mwanawe, akazianika, akazitandika. Jioni hiyo alikaa mlangoni akiitazama njia. Jioni iliyofuata pia. Wiki ile mvua ilinyesha kama haitakoma, na ilipokoma wenzake Werema walimleta mchana kweupe, wamemfunga kwenye turubai. Duara la zamani alilokuwa akilala ndani yake lilikuwa limetitia.

Baada ya mazishi Heche akaja kukaa naye kwenye mkeka, macho mekundu.

“Mama, nimekuja kukushukuru kwa ule ujumbe,” alisema. “Siku ile Werema alikuwa ameshafunga begi. Alisikia kesi imefutwa, akawa anakuja kwako. Mimi nikamwambia, mama yako anasema kuna taa, mpaka mlangoni. Akaweka begi chini.”

“Kwa nini aliweka begi chini?”

Heche alishangaa kuulizwa. “Si ulisema kuna taa? Sisi kule vifusini tukisema kuna taa, ni kwamba askari wametega, kimbia. Hatuna taa nyingine. Werema akasema, kumbe hiyo kesi kufutwa ni mtego, mama ameniokoa tena. Akaenda kujificha kwenye lile duara. Alifurahi, mama. Alisema hapa duniani hakuna anayempenda kama wewe.”

Wegesa alitaka kumkamata kijana huyu shati, amburute mpaka bustanini, amwonyeshe vile vitu vya plastiki vilivyosimama kijinga juani kando ya njia. Alitaka kupiga kelele mpaka Isebania wasikie. Ni mdomo wake uliomfukuza mwanawe mlangoni.

“Lakini, mama,” Heche akauliza taratibu, “walikuja kweli, wale askari?”

Akamtazama. Alikuwa rika la Werema, na ujumbe aliufikisha wote kama alivyopewa. Akiambiwa ukweli ataubeba mpaka kaburini. Na Werema, aliyekufa akiamini mama yake amemwokoa, atakuwa amekufa bure.

“Walikuja,” alisema. “Walijaa uani.”

“Mungu akubariki, mama.” Heche aliushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akaanza kulia, na Wegesa akamwacha aushike.