Kava la Tausi

Arobaini ya Rukhsana ilisomwa Alhamisi, pilau ikaliwa, masufuria yakaoshwa, na Jumamosi asubuhi mumewe Ishaq akaenda mjini Sahiwal kununua kava la mbele la pikipiki, lile la plastiki linalofungwa juu ya usukani. Kijijini walikuwepo waliosema, huyu naye, kaburi la mke halijakauka anakwenda kuremba pikipiki! Waache waseme, midomo ni yao. Hawakujua kwamba kava lile lilikuwa sharti la binti yake.

Binti huyo, Sumbal, alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na tangu mama yake afe hakukanyaga chuoni. Kutoka kijijini mpaka chuoni ni kilomita ishirini na mbili kando ya mfereji. Bajaji ya kwanza hutoka saa mbili, na darasa huanza saa moja na nusu. Kilichobaki ni pikipiki ya baba, nayo ndiyo iliyomuua mama. Chuo kilishaleta barua: asipoonekana Jumatatu, jina linafutwa.

"Nitapanda," Sumbal alimwambia baba yake, "siku utakapofunga kitu cha kuzuia upepo, usikie watu wakikuita. Bila hicho sipandi. Jina na lifutwe."

Kwa sababu habari ilivyojulikana ni hii: siku ile Rukhsana alikuwa amekaa upande, kama wanawake wote wanavyokaa, miguu yote kushoto, na pembe ya mtandio wake ikapeperuka ikanaswa na gurudumu la nyuma, ikamvuta chini. Watu wa kibanda cha chai darajani waliuona ukipepea wakapiga kelele. Ishaq hakusikia. Upepo wa mwendo ulimjaa masikioni. Hivyo ndivyo alivyowaambia waombolezaji, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka imamu mwenyewe akasema upepo nao huenda kwa amri ya Mungu, na Ishaq akaitikia amina.

Tangu hapo alikuwa ameingia ganzi mwili mzima. Chai alikunywa ikiwa moto ama imepoa, hakujua tofauti. Jiwe la mlangoni lilimchubua kidole, akaona damu kwenye kandambili, ndipo akajua ameumia. Watu wakamsifu, ee, mwanamume mwenye subira huyo! Subira gani jamani? Mtu halii kwa sababu machozi hayaji, ninyi mnamwita mwenye subira.

Basi Jumamosi hiyo yeye alitangulia na pikipiki, binti akamfuata kwa bajaji. Mtaa wa vifaa vya pikipiki ulikuwa umeamka, makava yamening'inizwa milangoni mekundu, meusi, ya bluu, na ukungu wa Januari ulikuwa haujaondoka. Wakaingia duka la Fundi Tufail, mtu mnene mwenye skafu ya sufu na maneno mengi.

"Karibu, karibu mzee wangu! Pikipiki bila kava ni bwana harusi bila kilemba. Haya niambie, unataka la upepo au la sura?"

"La upepo," alisema Ishaq.

"Wote husema la upepo!" Fundi akacheka. "Halafu nikishafunga, wa kwanza kwenda kujitazama kwenye kioo cha kinyozi ni yeye. Tazama hili la rangi ya moshi. Ukipita nalo, polisi watakupigia saluti. Hili refu la wazi kama kioo, linafika kidevuni, hata inzi hakugusi. Na hili..." Akashusha kava fupi jekundu, limechorwa tausi kwa mkono, kama wachoravyo kwenye malori, mkia umekunjuliwa kwa kijani na dhahabu. "Hili nisikudanganye. Hili ni urembo mtupu. Upepo linaukaribisha na kuupa kiti."

Sumbal hakucheka. "Fundi, mimi nataka jambo moja tu. Yeye akiwa mbele na mimi nyuma, mtu akituita barabarani, asikie."

Fundi Tufail alimtazama yule binti, akamtazama baba, akaona nguo nyeupe za msiba na yale macho makavu, akakumbuka habari ya ajali ya darajani iliyofika mpaka mjini. Mzaha ukamwisha. "Mungu awape subira," alisema. "Kaeni. Hapa hatukisii."

Na kweli, Tufail hakuwa mtu wa kupima kwa macho. Alikuwa na feni kubwa la mguu, la kukaushia rangi, na pakiti ya vijiti vya udi. Aliisimamisha pikipiki mbele ya feni, akamketisha Ishaq kwenye usukani, akamwambia binti akae nyuma kama anavyokaa siku zote. Sumbal alisita. Akauvuta mtandio, akaukunja mara tatu mapajani, akakaa upande, mkono mmoja ameng'ang'ania chuma cha kiti. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuigusa pikipiki ile tangu siku ya mauti.

Feni likawashwa. Fundi akasogeza kijiti cha udi mbele ya usukani, na moshi ukaonyesha njia ya upepo: bila kava ulimpiga Ishaq kifuani, ukapanda shingoni, ukagawanyika masikioni. Akashikiza kava refu la wazi, moshi ukaruka juu ya kichwa.

"Umeona? Hapo sikio limepumzika. Sasa tupime kusikia. Binti, nitaliondoa kwanza, umwite baba yako, sauti ya kawaida tu."

Kava likaondolewa. Feni likavuma. Sumbal akaita, "Baba!"

"Naam," Ishaq akaitika.

Akaitika vivi hivi, kwa mazoea, kama mtu aliyeitwa jikoni.

"Umesikia?" Sumbal akauliza. "Bila kava umesikia?"

Fundi akadakia haraka, maana alikuwa muuzaji na pia alikuwa mtu mwema. "Aa, hili ni feni tu, binti! Barabara ni jambo lingine. Barabarani upepo ni mara kumi. Hapo asingesikia hata mizinga." Akalirudisha kava refu. "Ita tena."

"Baba!"

"Naam."

"Hilo ndilo! Angekuwa nalo siku ile, marehemu angekuwa nyumbani anapika figili. Lakini ajali haina kinga, na upepo hauna macho."

Sumbal akashusha pumzi. Alitabasamu kidogo, na Ishaq aliona tabasamu hilo kwenye kioo cha pembeni. Kwa siku arobaini na mbili hakuliona. "Basi ni hili," binti akasema. "Lifunge, fundi. Jumatatu naenda chuo."

Jambo lilikuwa limekwisha. Mlango ulikuwa wazi, kilichobaki ni Ishaq kupita na kunyamaza. Angenyamaza, nani angejua? Lakini alitazama ile plastiki mbele yake, akawaza kwamba mtoto atapanda nyuma kwa kuiamini, na mbele atakuwa amekaa mtu yule yule.

"Nilisikia," alisema.

"Ndiyo, umesikia, ndiyo maana tunalichukua."

"Siku ile. Nilisikia."

Feni lilikuwa bado linavuma. Fundi Tufail alilizima.

Ishaq alisema hali amegeukia mbele, mikono kwenye usukani, sauti haipandi wala haishuki. "Walikuwa vijana watatu pale kwenye chai. Walisema, oyee, bibi, bibi! Nikajua ni wahuni, wanamtania mke wangu mbele yangu. Damu ikanipanda. Mama yako akanigonga mgongoni mara mbili. Nikadhani anaona haya, anataka tuondoke upesi. Nikaongeza mwendo."

Duka la jirani mtu alikuwa anagonga bati.

"Aligonga mara mbili," Sumbal akasema.

"Mara mbili."

"Na wewe ukaongeza mwendo."

"Nikaongeza."

Binti alishuka. Alisimama akiukunjua mtandio wake polepole na kuukunja tena. Ishaq alingoja apigwe, atukanwe, alaaniwe mbele ya mtaa. Angeshukuru. Lakini Sumbal alikwenda mpaka mlangoni, akasimama hapo akiwapa mgongo.

"Mzee," fundi akanong'ona, "sasa nifunge au nisifunge?"

"Sijui."

"Funga," Sumbal akasema bila kugeuka. "Lakini si hilo refu. Funga lile la tausi."

"Binti yangu, lile nimekwambia halizuii..."

"Basi lichukuliwe zuri. Upepo haukuwa na kosa."

Akatoka, akapanda bajaji. Ishaq alirudi kijijini na tausi kifuani, upepo ukimpiga masikioni, na watu wa darajani wakasimama kumtazama mjane aliyejiremba. Jumapili nzima Sumbal hakusema naye. Alimwekea chapati na sahani ya karoti, akaenda zake. Ishaq akala bila kujua anakula nini.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, aliiwasha pikipiki uani. Hakumwita. Alingoja tu, ukungu umetanda mpaka kwenye pua ya nyati wa maziwa aliyefungwa pale. Mlango ukafunguka. Sumbal alitoka na sare, mtandio ameufunga kifuani msalaba, ncha zimepigwa fundo na kuchomekwa ndani ya sweta. Akapandisha mguu, akakaa kama wanaume, mguu huku na mguu huku. Shangazi yake dirishani akapiga yowe, "Toba! Watu watasemaje?"

"Waseme kwa sauti," Sumbal akajibu, "safari hii atasikia."

Wakaondoka. Kwenye kinu cha miwa mtu alipaza sauti, na Ishaq akafunga breki.

"Anauza karoti, Baba."

Wakaenda. Mbele kidogo mchungaji akamwita mbuzi, Ishaq akasimama. Mwanamke akamwita mtoto, akasimama. Adhana ya mtu aliyechelewa, muuza maziwa, kijana akimsalimu mwenzake ng'ambo ya mfereji: kila sauti, breki. Kila mara Sumbal alimwambia ni nani, na hakuna zaidi. Darajani vijana wa kibanda cha chai walikuwa wameinamia vikombe, wakanyamaza walipowaona. Pikipiki ilipita mbele yao. Hatua hamsini baadaye Ishaq akasimama tena, akazima kabisa.

"Nani ameita?"

"Hakuna aliyeita, Baba."

"Ameita. Nimegongwa mgongoni. Mara mbili."

Sumbal alikuwa ameshika chuma cha kiti kwa mikono yote miwili tangu nyumbani. Hakumgusa. Aliona mabega ya baba yake yameanza kutikisika, na sauti inayomtoka si ile anayoijua. Saa moja na nusu ilikuwa inakaribia. Akashuka, akachuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, akapitisha mkono kwenye spoku moja baada ya nyingine, taratibu, mpaka zote zikaisha.

"Nimeangalia," akamwambia. "Hakuna kitu. Washa, twende."