Mpira wa Kurudi

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi, mwaka 2024, siku ambayo kata nzima ilifagiliwa kumpokea mgeni. Ofisi ilipakwa chokaa mpaka mawe ya njiani. Akina mama walishonewa sare. Bodaboda zote zilijaziwa mafuta zikampokee mkubwa pale njia panda ya Mkiwa. Hata gari la wagonjwa lilioshwa likaingizwa kwenye msafara, maana msafara usio na gari la wagonjwa, walisema, hauna hadhi. Na asubuhi hiyo hiyo Asnath, mke wa Gasto, aliamka hawezi kunyoosha mgongo kwa maumivu ya tumbo.

Nesi wa zahanati alimbonyeza upande wa kulia, akaachia ghafla, Asnath akauma ncha ya kanga yake. Nesi akasema hili si la kidonge, hili ni la kisu, ampeleke mjini leo leo. Gasto akauliza gari liko wapi. Nesi akamwambia liko msafarani.

Kilichobaki kijijini chenye injini ni pikipiki ya Gasto mwenyewe, tena ilikuwa imetoka kuachiwa na ofisi ya kata saa ile ile.

Ilikuwa pikipiki ya Kizungu ya zamani, nzito kama ndama. Padri mmoja alimwachia baba yake Gasto alipokuwa anarudi kwao. Vijana waliiita Babu. Babu hakuwa kama hizi bodaboda za leo zinazobeba oili tumboni mwa injini. Oili yake ilikaa kwenye tangi la pembeni, chini ya kiti, na mipira miwili iliteremka kutoka humo mpaka kwenye injini. Mmoja ulipeleka oili, mwingine uliirudisha tangini. Gasto aliiita mpira wa kwenda na mpira wa kurudi. Kule chini, midomo miwili ya chuma ilikaa karibu karibu kama mapacha, na marehemu baba yake alikuwa ameichongea mishale kwa tindo, mmoja unaingia, mmoja unatoka. Ukichanganya, injini inanyonya kwa mpira wa kurudi, ambao mdomo wake tangini uko juu ya oili, inapata hewa tu. Itaunguruma vizuri tu, itakutoa nyumbani, halafu itakamata ukiwa njiani, isizunguke tena.

Ndiyo sababu Asnath alifunga kipande cha kanga nyekundu kwenye mpira wa kurudi. Na ndiyo sababu walikuwa na desturi yao. Gasto akishapiga kiki, Asnath anafungua kifuniko cha tangi, anachungulia mpaka aone oili inatemwa mle ndani, kisha anasema, "Imerudi." Asiposema, Gasto haondoi mguu chini. Majirani waliwatania, wakasema hata Gasto mwenyewe akitoka kilabuni, Asnath humchungulia kwanza mlangoni, ndipo anasema imerudi.

Sasa, kabla ya siku ya mgeni, mtendaji wa kata, kijana mmoja anaitwa Stanley, shati halitoki kwenye suruali, aliikamata pikipiki hiyo kwa kukosa namba. Ikafungiwa uani mwa ofisi. Ili mwenyewe asije akaiondoa kimya kimya, mgambo Festo akaamriwa kuchomoa mipira kwenye injini. Gasto alisimama nje ya ua akaomba jambo moja tu.

"Huo wenye kitambaa ni wa kurudi. Msije mkachanganya."

Festo akaitikia kwa kichwa. Asubuhi ya mgeni wakaiachia, wala si kwa huruma. Ua ulitakiwa uwe safi, na lile chuma kuukuu lingewaaibisha. Festo akaipachika mipira, akaisukuma mpaka kwa Gasto, akamkuta anamfunga mkewe kanga kiunoni. Gasto akawasha, akafunga kanga nyingine kwenye kiti, Asnath akapandishwa nyuma, wakaondoka kwa haraka, Gasto asingoje neno la desturi.

Babu alikwenda vizuri. Hilo ndilo linalomuuma Gasto mpaka leo, kwamba alikwenda vizuri. Walifika Mkiwa, wapokeaji wameshasogea mbele kumlaki mgeni, wakashika lami ya kuelekea mjini, na Asnath alikuwa amemwegemea mgongoni, joto la paji lake linapenya shati. Mbele kidogo injini ikalia kama jino linalosagwa. Gurudumu la nyuma likakamata. Wakaburuzika mpaka ukingoni mwa barabara, kwenye mashamba ya alizeti, pakawa kimya.

Hawakukaa sana, msafara ukaja. Bodaboda kwanza, zina matawi na honi, halafu magari meusi, halafu, nyuma kabisa, gari la wagonjwa, taa yake inazunguka, ndani hamna mgonjwa. Gasto akaingia barabarani akapunga mikono yote miwili. Na waliokuwa ndani ya magari wakampungia. Walidhani amekuja kumlaki mgeni.

Aliyewachukua ni dereva wa lori la vitunguu. Asnath alikata roho kabla hawajayaona maji ya Singidani, ziwa la pale mjini, kichwa chake kikiwa juu ya gunia.

Baada ya matanga, Gasto akaivuta pikipiki kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka kwa Paskali, fundi wa pale Mkiwa. Paskali hata hakuhitaji kuifungua. Aliinama, akafuata mipira kwa kidole. Kisha akamwambia ule wenye kitambaa umevalishwa kwenye mshale unaoingia.

Gasto alifurahi. Ni neno baya kulisema juu ya mfiwa, lakini alifurahi, kama mtu aliyetafuta nyoka ndani ya nyumba siku nyingi akamwona. Mpaka hapo alikuwa amejibiwa kwamba kifo kimeandikwa, kwamba tumbo likipasuka limepasuka, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Sasa alikuwa na kazi ya mtu. Alitaka kitu kimoja kwa wale waliokalia viti: waseme kwa midomo yao, sisi ndio. Aliapa hatakata mti wa msalaba wa Asnath mpaka waseme.

Stanley alimpokea vizuri, shikamoo baba, karibu kiti. Akampa pole ya serikali. Gasto akamwambia pole hiyo airudishe ilikotoka, anataka kujua nani aliifunga mipira. Stanley akasema ajali ni ajali, na pikipiki isiyo na namba haikutakiwa iwe barabarani hata kidogo. Gasto akamwambia, "Na gari la wagonjwa lenye namba lilikuwa barabarani linafanya nini, mwanangu?"

Stanley akafungua dirisha, akamwita Festo.

Festo alikuja kofia mkononi. Hakukana. Alisema aliifunga yeye, na aliifunga kama alivyoambiwa. Wenye kitambaa ni wa kurudi. Akaona mishale, mmoja unaingia kwenye injini, mmoja unatoka. Basi akaweka wa kurudi kwenye ule unaoingia.

"Kurudi si kuingia nyumbani, baba?" alisema. "Nilijua nyumbani kwa oili ni kwenye injini, ndiko inakofanya kazi."

"Nyumbani ni tangini," Gasto akasema. "Kwenye injini inakwenda kibarua tu."

Hakuna aliyecheka. Stanley alikohoa, na kwa mara ya kwanza akasema, kwa sauti ndogo, ofisi ilikosea. Ndilo neno Gasto alilolifuata. Akainuka, akashika fimbo yake, na angeondoka nalo kama Festo angefunga mdomo.

"Lakini mama aliangalia, baba. Wewe ulikuwa umegeuka unafunga kanga kwenye kiti. Injini inawaka, akafungua kifuniko. Akachungulia sana. Halafu akafunga."

"Akasema imerudi?"

Festo akaizungusha kofia mikononi. "Alisema twende."

Gasto alirudi nyumbani kwa miguu. Babu ameegemea ukuta wa zizi, kile kipande cha kanga bado kiko kwenye mpira usio wake, na hajakigusa. Mti wa msalaba ameshaukata, haujachongwa jina. Kina Stanley wamekiri, na mgeni yule alisharudi kwao salama. Lakini kila asubuhi Gasto hufungua kifuniko cha tangi, akachungulia mle ndani ambamo oili ingali imelala, akijaribu kuona alichokiona mkewe. Huenda maumivu yalimziba macho. Huenda aliona oili imelala kimya, haitemwi, akajua, akatazama barabara isiyo na gari lingine, akamtazama mumewe anavyohangaika na kanga.

Asnath, ulisema twende kwa kuwa hukuona, au kwa kuwa uliona?