Mbwa Aliyefundishwa Kunyamaza

Mbwa aliitwa Mkwe, na aliyempa jina hilo alikuwa mama mzazi wa fundi cherehani. "Wewe umekataa kuniletea mkwe," alimwambia binti yake, "basi nimejitafutia mwenyewe. Huyu hanywi pombe wala hachelewi kurudi." Fundi alicheka tu, angefanyaje? Kubishana na mama yule kulikuwa kutwanga maji kwenye kinu.

Mama alipofariki, Mkwe akahamia kwa fundi, na kicheko kikaishia hapo. Kila fundi alipotoka kwenda kushona, mbwa alibweka. Wala si kubweka kwa mbwa aliyeona mwizi. Alibweka kama anayemwita mtu aliye mbali, mpaka sauti ikamkauka, akakwaruza mlango hadi kucha zikatoka damu. Nyuma ya ukuta alikaa nesi aliyefanya kazi usiku na kulala mchana, yaani kulala pale Mkwe aliporuhusu.

"Dada, mimi nakuheshimu," nesi alimwambia kwenye ngazi, macho mekundu. "Lakini jana nusura nimchome mgonjwa sindano isiyo yake kwa sababu ya usingizi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mfundishe huyo mbwa, la sivyo mwenye nyumba atamtoa."

Na kweli mwenye nyumba alikwisha kusema: lalamiko moja tena, mbwa aende. Fundi hakulala siku hiyo. Katika vyote alivyoviacha mama, Mkwe ndiye pekee aliyekuwa bado anapumua.

Daktari wa mifugo hakumcheka. "Hana jeuri huyu, ana hofu," alisema. "Anaamini kila anayetoka harudi. Mfungie mlango kidogo tu, ufungue kabla hajalia. Kesho uongeze kidogo. Akinyamaza, mpe kitu. Na usimuage kabisa. Toka kimya, rudi kimya."

Hilo la kuaga lilimchoma fundi. Mama, kila alipotoka, alisimama mlangoni akasema, "Linda nyumba, Mkwe, nakuja sasa hivi." Alisema hivyo hivyo hata siku aliyobebwa kupelekwa hospitali. Tangu hapo, kila maneno hayo yalipotamkwa mbele ya mbwa, alipandwa na wazimu.

Sasa fundi akajifanya mjanja. Mlango wa mbele ulikuwa pua na mdomo na wa nesi, basi mazoezi akayafanyia kwenye mlango wa bafuni, huko ndani. Aliingia, akafunga, akakaa kimya juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mbwa akilia, hafungui. Akinyamaza, anafungua na kumpa kipande cha biskuti. Polepole Mkwe akaelewa: mlango ukifungwa, lala chini, funga mdomo, utafunguliwa. Baadaye hata mlango wa mbele ukafungwa bila kelele. Nesi akaanza kumsalimia tena fundi, na fundi akatembea kifua mbele kama aliyemfundisha mbwa kusoma.

Jumapili moja alibandika maharage kwenye jiko la gesi, akaingia kuoga. Alipomaliza, akavuta kitasa. Kitasa kikabaki mkononi.

Kwanza alicheka. Kisha akasukuma kwa bega, akapiga teke, akaingiza kidole kwenye tundu mpaka kikachubuka. Mlango haukutikisika. Simu ilikuwa kitandani. Kidirisha kilikuwa juu, hakitoshi hata kichwa, nacho kilitazama ukuta mtupu. Alipiga kelele, na kelele zikamrudia mwenyewe; kutoka huko ndani hazikumfikia nesi aliyelala.

Ndipo aliposikia harufu. Maharage yalikuwa yamekauka na sasa yanaungua, na taulo la jikoni, alikumbuka, alilitundika karibu sana na moto.

"Mkwe!" aliita. "Mkwe, bweka! Bweka, baba!"

Nje ya mlango mkia ulipiga sakafu, taratibu. Mbwa alikuwa amelala pale pale alipofundishwa kulala, mwanafunzi hodari, akisubiri biskuti yake.

Moshi ukaanza kupenya chini ya mlango. Fundi aliogopa kufa, hilo asingeweza kulificha. Lakini alichoogopa zaidi ni kwamba moshi ulimfikia mbwa kwanza, naye angekufa kimya kwa utii aliomfundisha yeye. Alimsikia akikohoa. Hakubweka. Aligonga, akamtukana, akambembeleza, na mkia ukapiga sakafu tena, safari hii kwa udhaifu.

Akajua limebaki moja. Hakutaka kulifanya. Alilala kifudifudi, mdomo kwenye upenyo, akavuta sauti ya marehemu kutoka kooni mwake, ile sauti nzito yenye kicheko ndani.

"Linda nyumba, Mkwe. Nakuja sasa hivi."

Kisha kilio kikapasuka, kirefu, cha kutisha, na baada yake kubweka kusiko na pumzi, kucha zikikwaruza mlango. Fundi aliziba masikio huku akilia.

Ukuta ukagongwa. "Jamani, huyo mbwa!"

"Nesi! Moto! Nimefungiwa!"

Akasikia nyayo kwenye ngazi, zikishuka, zikiondoka. Fundi alipiga mayowe kama hajawahi kupiga maishani, "Usiniache! Usiniache!", na hapo ndipo alipoelewa barabara mbwa alikuwa akisema nini siku zote zile.

Nesi alikwenda kumwita mlinzi. Wakarudi na mtaimbo, wakavunja mlango wa mbele. Mlinzi akazima jiko, akalitupa kwenye sinki taulo lililokuwa likiwaka. Nesi, akiwa na nguo ya kulalia na kitambaa puani, akaupiga mlango wa bafuni kwa mtaimbo mpaka ukaachia.

"Dada, uko mzima? Pumua. Pumua taratibu."

Fundi alipiga magoti, akafungua mikono kumpokea mbwa. Mkwe akampita. Aliingia bafuni mbio, akanusa pembe moja, akanusa nyingine, akaingiza pua nyuma ya pipa la maji, akatazama juu kwenye kidirisha. Mkia wake ulikuwa ukicheza. Akazunguka tena tangu mwanzo.

"Anatafuta nini?" nesi aliuliza.

Fundi alijikokota kwenye sakafu ile yenye maji mpaka alipomfikia mbwa, akamshika shingo kwa mikono miwili.

"Hayupo, Mkwe," alisema. "Mama hayupo. Hatarudi." Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema kwa sauti.