Kifaru Hauzwi

Tangu alfajiri sikukaa. Nilikunywa chai nimesimama, nikazunguka yadi, nikafungua boneti ya Kifaru, nikaifunga, nikaifungua tena kama mtu anayetafuta kitu kwenye friji tupu. Mnunuzi alikuwa njiani.

Baba, tangu mgongo umshinde, alituachia mimi na kaka kazi ya kuchimba visima pamoja na magari mawili makuukuu. Alisema moja liuzwe kabla ya mvua, litakalobaki livute mtambo. Lipi, hakusema. Kaka alikwisha kuamua: aondoke Kifaru, abaki Lulu.

Lulu, yule mweupe, anatumia petroli, viti vyake laini, gia zinajibadilisha zenyewe, na ukitaka magurudumu yote manne yavute unabonyeza kitufe tu. Kifaru ni wa dizeli, springi zake za bapa ni ngumu kama benchi, ukipita shimo unaumwa hadi meno. Lakini mtambo wetu ni mzito na wateja wangu wote wako milimani. Lulu angeuvuta mpaka mlima wa kwanza, rejeta ichemke, nami nirudi kuuza vocha dukani kwa shangazi. Nilishauza vocha. Sirudi.

"Tulia basi, unanitia kizunguzungu," kaka aliniambia.

"Muuze Lulu, nitatulia."

"Kifaru hana hata kiyoyozi! Nikishuka kwenye lile gari watu wananipa pole."

Mnunuzi aliletwa na pikipiki ya kukodi: mama mfuga nyuki, mfupi, mwenye buti za mpira. Alizunguka magari yote mawili, akalala chini kuangalia chasisi, akainuka na vumbi mgongoni.

"Sifa za mdomoni nimeshiba," alisema. "Nataka kuyaona yakivuta. Yote mawili."

Tukateremka kwenye mto mkavu nyuma ya yadi, na tela lililojaa mabomba ya kuchimbia. Kaka alianza na Lulu. Akavuka mchanga, akapanda ukingo, akafika juu akihema, mshale wa joto umeinuka. Kisha tela likarudishwa mtoni kwa kuzungukia barabarani, likafungwa kwa Kifaru. Kaka akapanda kwa mbwembwe, akavuta ule wenzo mdogo wa magurudumu manne, akakanyaga mafuta.

Hapo ndipo moyo uliponilipuka. Kwa Kifaru, wenzo peke yake haufanyi kitu. Lazima kwanza ushuke, uiname kwenye kila gurudumu la mbele, uzungushe kifungo cha katikati mpaka kilie klak. Usipofanya hivyo, magurudumu ya mbele yanabingirika tu kama abiria. Kaka alikuwa amezoea kitufe cha Lulu mno. Alisahau.

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nikaanza kwenda na kurudi pale ukingoni, mikono haijui pa kukaa.

Magurudumu ya nyuma yakazunguka, mchanga ukaruka, Kifaru akazama hadi ekseli.

"Kumbe kweli nyie wachimba visima," mama akasema. "Hata gari linachimba."

Kaka alikanyaga tena, akazidi kuzama. Mama akanigeukia.

"Binti, wewe ndiye unayekwenda milimani. Huyu mweupe ana ugonjwa gani?"

"Utavuta nini, mama?"

"Mizinga. Myepesi. Na njia yangu tambarare, mchanga kidogo."

"Basi atakufaa. Ukimpa mzigo mzito mlimani atachemka. Kwa mizinga, hutajuta."

"Na huyu aliyejizika?"

"Huyo atakurushia mizinga yako kila shimo. Nyuki watafika wamekasirika."

Kila neno lilikuwa kweli. Kaka alishuka mbio, akambembeleza mama, akamsifia dizeli. Mama akapangusa mikono.

"Namchukua mweupe, au naita pikipiki yangu."

Kiangazi kizima hakuna mwingine aliyekuja kuuliza. Kaka alitoa funguo kama mtu anayeng'olewa jino.

Vumbi la Lulu lilipotulia, niliteremka mchangani. Nikaufukua mchanga nyuma ya magurudumu, nikainama kulia, klak, nikainama kushoto, klak. Nikaingia, nikaweka gia ndogo kabisa, nikaachia klachi taratibu. Kifaru alinguruma, akajinyanyua, akapanda ukingo na tela lake. Sikuzima injini.

Kaka alikuja dirishani, uso umemvimba.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ukanyamaza, nikaaibika mbele ya watu!"

"Mtu mmoja, kaka. Na kakusaidia kuuza gari."

"Usinichekee. Mimi ni mkubwa wako. Niombe radhi sasa hivi, la sivyo tunakwenda kwa baba."

"Panda, nikupeleke. Nitamweleza yote mwenyewe." Nikamfungulia mlango. "Ila radhi sikuombi. Si hapa, si mbele ya baba."